Usisubiri Shingo Ikakamae

Mtoto anayechemka kifuani huku viganja na nyayo zake ni baridi, anayelia kwamba miguu inamuuma ingawa hakuanguka wala hakucheza mpira, apelekwe hospitali sasa hivi, hata kama shingo yake inakunjika bila shida na ngozi yake haina doa lolote. Usipokumbuka kingine chochote katika makala haya, kumbuka hilo. Wengi wetu tumezoea kungoja shingo ikakamae ndipo tuitaje homa ya uti wa mgongo. Kwa ugonjwa unaoletwa na bakteria aitwaye meningokokasi, anayeingoja shingo huwa amechelewa, na sababu ya kuchelewa huko iko kwenye damu, katika namna mwili unavyojipa habari ya hatari.

Bakteria huyu tunaishi naye. Takriban mtu mmoja kati ya kumi humbeba puani na kooni bila kuumwa, na wengi hawatajua maisha yao yote kwamba waliwahi kumbeba. Kwa watu wachache huvuka utando wa koo na kuingia kwenye damu. Ganda lake la nje lina mafuta yenye sumu, endotoksini, na anapokua humwaga vipande vya ganda hilo ovyo ndani ya damu. Chembe nyeupe za damu zinapokutana na endotoksini hutoa molekuli ndogo za protini ziitwazo saitokaini. Kazi ya saitokaini ni ile ya mbiu ya mgambo: zikisikika, kila kiungo kinajua kuna jambo. Ubongo hupandisha joto. Kuta za mishipa midogo ya damu hulegea ili chembe nyeupe zipenye kwenda kwenye maambukizi. Damu hujiweka tayari kuganda.

Ukichomwa na mwiba kidoleni, yote hayo ni ya heri. Hatari huja pale bakteria wanapojaa kwenye damu na mwito huo wa saitokaini ukatolewa mwili mzima kwa wakati mmoja. Mishipa midogo huanza kuvujisha majimaji kila mahali, shinikizo la damu hushuka, na mwili, ili kuuokoa moyo na ubongo, hupunguza damu inayokwenda mikononi na miguuni. Ndiyo maana viganja na nyayo hupoa wakati kifua kinaungua. Damu nayo huganda ndani ya mishipa midogo huku ikivuja kwingineko chini ya ngozi, na hapo ndipo madoa mekundu au ya zambarau yanapotokea. Kwa hiyo ukishika unyayo wa mwanao ukaukuta baridi, unashika kazi ya saitokaini kwa mkono wako.

Kwamba molekuli hizi zinahusiana na ukali wa ugonjwa kulithibitishwa Norwei. Mwaka 1987 Anders Waage na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya wagonjwa 79 wa meningokokasi. Walitafuta saitokaini moja iitwayo TNF katika damu. Waliikuta kwa wagonjwa 10 kati ya 11 waliofariki, lakini kwa 8 tu kati ya 68 waliopona. Miaka iliyofuata Petter Brandtzaeg na wenzake wa Oslo wakaonyesha kinachoisukuma: kadiri endotoksini inavyozidi kwenye damu, ndivyo saitokaini zinavyopanda na ndivyo hali ya mgonjwa inavyokuwa mbaya. Walionyesha pia kwamba bakteria huyu mmoja ana njia mbili. Kwa baadhi ya wagonjwa hutulia na kuongezeka katika maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Hapo saitokaini hujaa kwenye maji hayo, kichwa huuma vibaya, shingo hukakamaa, na mara nyingi kunakuwa na muda wa kutibu. Kwa wengine huongezeka kwenye damu yenyewe kwa kasi ya kutisha, mpaka mamilioni katika mililita moja, na mgonjwa anaweza kufa kabla shingo haijakakamaa kabisa. Njia hii ya pili ndiyo inayowaponyoka wazazi, na wakati mwingine hata wahudumu wa afya.

Sasa tuhesabu saa. Tuseme mtoto wa darasa la pili amelala vizuri, akaamka saa kumi na mbili asubuhi na homa, hana hamu ya chai, ana mafua kidogo. Kwa saa nne hadi sita za mwanzo huwezi kumtofautisha na mtoto yeyote mwenye homa ya kawaida, na hata daktari hawezi, kwa hiyo usijilaumu. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa watoto 448 waliougua meningokokasi, uliochapishwa mwaka 2006, uliwauliza wazazi kila dalili ilianza saa ngapi. Maumivu ya miguu, mikono na miguu ya baridi, na rangi ya ngozi isiyo ya kawaida zilionekana kwa watoto wengi zaidi, na kwa wastani kama saa nane tangu kuanza kuumwa. Dalili tunazozijua sote, yaani madoa yasiyofutika, shingo ngumu na kupoteza fahamu, zilikuja kati ya saa ya 13 na ya 22. Kwa mtoto wetu wa mfano, miguu ilianza kusema saa nane mchana. Shingo na madoa vilingoja mpaka saa moja jioni na kuendelea, au usiku wa manane, wakati bodaboda hazipatikani na zahanati ya jirani imefungwa. Wazazi wa Uingereza hawakuwa wazembe. Waliona dalili za mapema, ila hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba zina maana.

Kwa hiyo, mtoto akiwa na homa, jizoeze kumgusa sehemu tatu kila baada ya saa moja au mbili: kifua, viganja, nyayo. Mwulize kama miguu inauma, na kama ni mdogo asiyejua kueleza, angalia kama analia ukimsimamisha au anakataa kutembea. Bonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka weupe utokee, hesabu tano, kisha achia. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde tatu kurudi, damu haifiki vizuri. Angalia kupumua: mtoto anayehema haraka bila kikohozi anahitaji kuonwa. Kwa mtoto mchanga tazama utosi kama umevimba juu, sikiliza kama kilio kimekuwa chembamba cha kuchoma masikio, na uone kama anakataa ziwa au amelegea mikononi.

Madoa yanataka jicho la makini zaidi kwetu, maana kwenye ngozi nyeusi hujificha. Usiishie mgongoni na tumboni. Fungua viganja, geuza nyayo, vuta chini ukope wa chini wa jicho, mwambie afungue kinywa utazame kaakaa. Ukiona vidoa, chukua glasi ya kioo inayoonyesha vizuri uigandamize juu yake. Upele wa kawaida hufifia chini ya glasi. Doa linalobaki vilevile ni damu iliyotoka nje ya mshipa, na hapo hakuna tena mjadala wa kungoja asubuhi. Ila glasi isikudanganye upande wa pili: mtoto asiye na doa hata moja bado anaweza kuwa nao ugonjwa huu. Asubuhi inayofuata ndiyo inayoleta madoa kwa wengine, na hatuitaki hiyo asubuhi.

Kuna mambo matatu yanayotuchelewesha katika nchi zetu. La kwanza ni malaria. Katika maeneo yenye malaria nyingi mtoto anaweza kuwa na vijidudu vya malaria kwenye damu yake huku kinachomuua ni kitu kingine. Kipimo cha haraka kikisoma malaria, mpe dawa ya malaria, lakini majibu hayo hayafuti miguu ya baridi. Rudi ukaseme. La pili ni panadoli. Hushusha joto, na mtoto akipata nafuu kidogo tunashusha pumzi. Lakini haipunguzi endotoksini wala bakteria. Joto likishuka huku mtoto anazidi kulegea, huyo si mtoto aliyepona. La tatu ni degedege. Bado wapo wanaoamini kwamba mtoto aliyepata degedege akichomwa sindano atakufa, hivyo apelekwe kwanza kwa mganga wa kienyeji. Degedege ni ubongo unaolia kwa kuathirika, na kila saa ya ubani na kafara ni saa ambayo bakteria wanaongezeka.

Imani hiyo juu ya sindano naijibu kwa urefu, kwa sababu ina chanzo kinachoeleweka. Watu wameona mtoto anafikishwa hospitali, anachomwa sindano, na baada ya muda mfupi anafariki. Wakaunganisha mambo hayo mawili. Hata madaktari waliwahi kuwa na wasiwasi unaofanana na huo: je, antibayotiki ikiwavunja bakteria wote kwa mpigo, haitamwaga endotoksini nyingi zaidi na kuzidisha saitokaini? Timu ya Oslo ilipima damu kabla na baada ya dawa ikakuta kinyume. Baada ya antibayotiki endotoksini ilianza kushuka, ikapungua kama nusu ndani ya saa mbili hivi, na saitokaini zikashuka pia. Aliyefariki baada ya sindano alifikishwa wakati mishipa imeshavuja mno. Sindano ya seftriaksoni au penisilini ndiyo inayokata mzizi wa mwito huo, na inafaa mapema zaidi. Bila tiba, hadi nusu ya wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo ya meningokokasi hufa. Kama uko zahanati ya kijijini na wanakupa rufaa kwenda mbali, uliza kwa heshima: "Daktari, je, anaweza kupata sindano ya kwanza hapa kabla hatujaondoka?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima.

Mapokezi usiseme tu kwamba mtoto ana homa, maana kila aliye kwenye foleni ana homa. Sema: "Homa ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Kifua ni moto, miguu ni baridi. Analia miguu inamuuma. Tangu saa nane anazidi kulegea." Taja saa. Mhudumu anayesikia saa na mabadiliko husikia kitu tofauti kabisa na neno homa. Ukiambiwa usubiri, na mtoto akazidi kuwa mbaya hapo kwenye benchi, simama uende ukaseme tena.

Daktari anaweza kuomba kuchukua maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Wazazi wengi hukataa wakihofu kwamba mtoto atapooza. Sindano hiyo huingizwa chini kiunoni, sehemu ambayo uti wenyewe umeshakoma na kilichobaki ni nyuzi za neva zinazoelea kwenye maji. Maji hayo huonyesha kama kuna bakteria, ni bakteria gani, na dawa ipi itawamaliza. Aliyepooza au kufa baada ya kipimo hicho kwa kawaida aliumizwa na ugonjwa wenyewe. Ikiwa daktari mwenyewe ameamua kukiahirisha kwa sababu mgonjwa yuko hoi na shinikizo limeshuka, na ameanza dawa kwanza, huyo anafanya sawasawa.

Jambo ambalo familia hupigania, na nawaomba mlipunguzie nguvu, ni dripu. Tukisikia mishipa inavuja, akili inatuambia tujaze maji haraka, na kwetu mgonjwa asiyetundikiwa dripu huonekana hajatibiwa. Utafiti mkubwa ulioitwa FEAST ulifanywa Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi na Muheza zikiwamo, kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Wengi wao walikuwa na malaria, na wenye homa ya uti wa mgongo walikuwamo. Majibu yalitoka mwaka 2011 yakawashangaza madaktari wa dunia nzima: waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi, kama 10.6 kwa mia ndani ya saa 48, kuliko wasiomiminiwa, 7.3 kwa mia. Hii haina maana kwamba dripu ni mbaya. Ina maana kwamba kiasi na kasi yake ni uamuzi wa daktari anayemwangalia mtoto saa kwa saa, na kwamba dripu ya chapuchapu katika chumba cha nyuma cha duka la dawa si huduma ya kumpa mtoto wa aina hii.

Huenda unajiuliza: kama saitokaini ndizo zinazoua, kwa nini tusizizime tu? Wanasayansi waliuliza hivyohivyo. Katika miaka ya 1990 dawa za kunasa endotoksini zilijaribiwa kwa watoto waliokuwa mahututi kwa meningokokasi, na hakuna iliyothibitika kupunguza vifo. Dawa za steroidi za kutuliza uvimbe wa ubongo zilisaidia watu wazima Ulaya, hasa wenye bakteria wa nimonia, lakini majaribio yaliyofanywa Malawi hayakuona faida. Uholanzi nako kulionekana jambo la kufikirisha. Mwaka 1997 Rudi Westendorp na wenzake walipima damu za ndugu wa karibu wa wagonjwa, wakiwa wazima, kuona familia ipi hutoa saitokaini nyingi na ipi kidogo. Ungetarajia familia zenye TNF nyingi ndizo zinazopoteza watu. Ilikuwa kinyume: familia zenye TNF ndogo zilikuwa na hatari ya kifo karibu mara kumi, na zile zenye intalukini-10 nyingi, molekuli inayotuliza zile nyingine, kama mara ishirini. Mimi nalisoma hivi: mwito ukiwa hafifu mwanzoni, bakteria hupata nafasi ya kuongezeka, na mwili unapokuja kushtuka unakuta endotoksini zimeshajaa, hivyo unashtuka kupita kiasi. Kinachookoa ni mwito wa mapema na wa kadiri, na bakteria kuondolewa haraka.

Ndiyo maana sipendi matangazo ya vidonge na unga wa kuongeza kinga yanayotufikia kwenye simu kila msimu wa mlipuko. Hakuna unga unaojua saitokaini ipi ipande na ipi ishuke, saa ngapi, ndani ya damu ya mwanao. Fedha hiyo iweke nauli ya usiku.

Kitu kinachoupa mwili mwito wa mapema kwa kweli ni chanjo. Mtu aliyechanjwa ana kingamwili tayari, na bakteria huuawa wakiwa wachache, kabla endotoksini haijafika kiwango cha kuua. Mwaka 1987 mlipuko wa meningokokasi wa kundi liitwalo A uliwakumba mahujaji Makka, na jamii ileile ya bakteria ikafika Nairobi mwaka 1989, ambako watu wapatao 3,800 waliugua. Tangu mlipuko wa Makka Saudi Arabia hudai chanjo kwa mahujaji. Leo ni ile ya makundi A, C, W na Y, na ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Anayenunua cheti bila kuchomwa sindano anaweza kurudi nyumbani na bakteria kooni kwa wajukuu wake. Chanjo ya kundi A iliyoanza Burkina Faso Desemba 2010 imelifuta karibu kabisa kundi hilo Afrika, lakini makundi mengine yapo. Mwaka 2021 kundi W liliishambulia Banalia, jimbo la Tshopo nchini Kongo: wagonjwa zaidi ya 2,600, vifo 205. Sasa ipo chanjo moja ya makundi matano, A, C, W, Y na X, ambayo Nigeria ilianza kuitumia mwaka 2024. Uliza kliniki yako kama imefika kwenu, hasa ukiwa na mtoto mwenye seli mundu au aliyeondolewa bandama. Na kama kijana wako anakwenda kusoma Uingereza au Marekani na atakaa bweni, achanjwe kabla ya safari.

Nyumba ikipata mgonjwa, msikimbiane. Bakteria huyu hufa upesi nje ya mwili, hivyo hakuna haja ya kuchoma magodoro. Waliolala naye chumba kimoja au kukaa naye karibu kwa muda mrefu siku za karibuni waulize hospitali kuhusu dawa ya kinga: siprofloksasini dozi moja, au rifampisini kwa siku mbili, na mjamzito sindano moja ya seftriaksoni. Anayepewa rifampisini asishtuke mkojo na machozi yakigeuka rangi ya chungwa, na mama anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango ajue vinaweza kushindwa kwa muda. Wakati wa mlipuko mkubwa wizara inaweza kuelekeza vingine. Fuateni maelekezo hayo.

Mtoto akiruhusiwa kurudi nyumbani, omba apimwe masikio ndani ya wiki nne. Usiwi ni moja ya madhara yanayoachwa mara nyingi, na hauonekani kwa macho. Mtoto huitwa mkaidi, hupigwa darasani kwa kutojibu, hushuka kutoka wa tano hadi wa arobaini. Akianza kuongeza sauti ya redio, akikutazama midomo unapoongea, au akiitika ukiwa mbele yake tu, mweleze mwalimu alichougua na umwombe amkalishe dawati la mbele huku mkingoja tarehe ya kipimo.